Sikukuu Hufuata Saa ya Mtoto

Chakula cha sikukuu kina tabia moja: kinachelewa. Kilichopangwa kuliwa saa 7 mchana huiva saa 8, kikapakuliwa saa 8 na nusu kwa kuwa kuna mjomba yuko njiani. Hapo ndipo mtoto wa miaka miwili anapojitupa chini katikati ya sebule, miguu hewani, juisi imemwagika zuliani, na nusu ya ukoo inamtazama mama yake kana kwamba wameipanga pamoja. "Huyu naye mkorofi," atasema mtu. Si mkorofi. Ameamka saa nane zilizopita, wakati wake wa kulala ulishapita, na njaa ilipombana alipozwa kwa biskuti.

Mikusanyiko yenye watoto wadogo huharibikia mahali pawili: kwenye saa na kwenye macho. Saa ni ile ya mtoto kulala na kula. Macho ni kujua ni nani hasa anayemwangalia dakika hii. Mapambo, zawadi na sare za familia huwa hazimwangushi mtu.

Tuanze na saa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataja saa 12 hadi 16 za usingizi kwa mtoto wa miezi 4 hadi 11, saa 11 hadi 14 kwa wa mwaka 1 hadi 2, na saa 10 hadi 13 kwa wa miaka 3 hadi 4, usingizi wa mchana ukiwemo. Hizo ni jumla za siku nzima. Anayepanga sikukuu ana haja zaidi na hesabu nyingine: mtoto anaweza kukaa macho kwa muda gani kabla hajachoka kupita kiasi. Kwa kukadiria, wa miezi 3 huweza saa moja na nusu hadi mbili. Wa miezi 6 hadi 8, saa mbili hadi tatu. Anayekaribia mwaka, saa tatu hadi nne. Wa miaka miwili anayelala mara moja mchana, saa tano hadi sita. Watoto hutofautiana, na mzazi aliyemtazama mwanawe wiki mbili tatu anajua zaidi ya jedwali lolote.

Tatizo ni kwamba mtoto aliyepitiliza hasinzii kama mtu mzima. Mwili wake hutoa homoni za kumweka macho, basi huanza kukimbia ovyo, kucheka kwa kelele, kupanda makochi. Wageni husema amechangamka, na mwingine humrusha juu ili achangamke zaidi. Dalili za kweli zilikuwa zimepita kimyakimya: kusugua macho, kuvuta sikio, kugeuza uso pembeni akisemeshwa, kuacha mwanasesere aliyekuwa akimpenda dakika moja iliyopita, kujikwaa pasipo na kitu. Ukisubiri mpaka alie, umeshachelewa, na sasa itakuchukua muda mrefu kumlaza kuliko ungemlaza mapema.

Kwa hiyo ratiba ya siku ipangwe kinyumenyume, kuanzia usingizi. Chukua nyumba yenye watoto wawili, mmoja wa miezi 10 na mwingine wa miaka mitatu. Mdogo ameamka saa 12 na nusu asubuhi. Atalala saa 3 na nusu, ataamka kama saa 4 na nusu au saa 5, kisha atataka kulala tena saa 8 mchana. Mkubwa hulala mara moja, saa 7. Tazama hapo: dirisha ambalo wote wawili wako macho, wameshiba usingizi na wana sura ya kupigwa picha ni kati ya saa 5 na saa 7. La pili hufunguka mnamo saa 9 na nusu alasiri, wakishaamka, hadi giza linapokaribia. Wageni wafike saa 5, picha ya familia ipigwe saa 5 na nusu, chakula kipakuliwe saa 6. Mazungumzo marefu ya watu wazima, yale ya nani kajenga na nani kaoa, yana nafasi yake kati ya saa 8 na saa 9 watoto wote wawili wakiwa wamelala.

Picha ina sababu ya kuja kabla ya chakula. Baada ya kula kuna madoa, kuna aliyevua viatu na kuna aliyelala begani. Panga watu wazima kwanza mahali pao, kila mmoja asimame tayari, watoto waletwe mwisho kabisa. Mpiga picha apige mfululizo bila kuwahesabia moja mbili tatu, maana mtoto husubiri hesabu mara moja tu. Dakika tano zinatosha. Mkishindwa ndani ya hizo tano, ya kumi itakuwa mbaya zaidi.

Ukoo utanung'unika kwamba saa 6 ni mapema mno. Kuna dawa mbili. Ya kwanza ni kuwatajia wageni saa ya kupakua badala ya saa ya kufika: "Tunapakua saa 6 kamili" humfikisha mtu kwa wakati kuliko "karibuni kuanzia saa 5". Ya pili ni kuwalisha watoto saa yao ya kila siku, chakula kikubwa kiwe tayari kisiwe tayari. Aliyekwisha kula ataketi na wakubwa akichezea kipande cha mkate, hana haraka. Hasara yake ni kwamba mama mkubwa atasikitika kuwa mtoto hakugusa alichopika. Mwekee sahani, aionje jioni.

Hapa tuseme neno kuhusu sukari, maana hulaumiwa bure. Kumefanyika majaribio ambamo watoto walipewa vitu vitamu au vyenye utamu wa bandia bila wao wala wazazi kujua nani kapata kipi, na tofauti ya utundu haikuonekana. Kinachowapandisha kichwa siku hiyo ni umati, kelele, uchovu na kukosa utaratibu. Pipi zina makosa yao, kwa meno na kwa hamu ya chakula, na kwa walio chini ya miaka miwili ni bora zisiwepo kabisa. Lakini kuficha keki hakutamtuliza mtoto ambaye hajalala.

Kulala kwenye nyumba ya watu

Ukifika kwa wenyeji, kabla ya salamu za pili, uliza chumba. Unahitaji chumba kinachofungwa mlango, mbali na jiko na spika, chenye dirisha linaloweza kuzibwa kwa shuka nene. Giza lina kazi kubwa kuliko ukimya. Feni inayovuma au redio iliyowekwa kwenye mlio wa mvua, mbali na kichwa cha mtoto na kwa sauti ya chini, hufunika vicheko vya ukumbini, kwa sababu anayeamshwa huamshwa zaidi na kelele ya ghafla kuliko kelele ya mfululizo. Shuka la kitanda chake toka nalo nyumbani bila kulifua: harufu anayoijua humwambia kwamba hapa ni pa kulala.

Mtoto aliye chini ya mwaka alazwe chali, kwenye godoro gumu lililo bapa, pasipo mto, blanketi zito wala mdoli kando yake. Sheria hiyo haina likizo. Ajali nyingi za sikukuu huanzia hapa, kwa nia njema: shangazi amembeba kichanga kwenye kochi, wote wawili wameshiba, wote wawili wanasinzia. Kochi ni mahali pa hatari zaidi pa kulala na mtoto mchanga, kwa kuwa anaweza kuzama kati ya mto na mwili wa aliyembeba akakosa hewa. Mwenye usingizi amrudishe mtoto, asione haya. Vilevile mtoto aliyesinzia kwenye kiti chake cha gari ahamishiwe kitandani mkishafika. Nje ya gari kiti hicho hukaa kwa mwinamo mwingine, na kidevu kinaweza kuangukia kifua kikabana njia ya hewa.

Kitanda kikubwa cha wageni kilichojaa mikoba na makoti si kitanda cha mtoto, hata ukimzungushia mito. Mito ndiyo hatari yenyewe, na anayejifunza kujigeuza atafika ukingoni ndani ya dakika chache. Kama hakuna kitanda cha mtoto, godoro jembamba na gumu chini sakafuni, mbali na ukuta na mapazia, ni salama zaidi.

Zamu ya macho

Nyumba yenye watu wazima kumi na watano ina hatari moja ambayo nyumba yenye wawili haina. Kila mtu anadhani mwenzake anaangalia. Mama yuko jikoni akiamini mtoto yuko na baba. Baba yuko uani akiamini yuko na bibi. Bibi anamwona akipita mlangoni akidhani anamfuata mama. Ni dakika tatu tu, na bafuni kuna ndoo.

Dawa yake ni zamu iliyotajwa kwa mdomo. Mtu mmoja, dakika 20, kazi yake ni watoto peke yake: hashiki simu, hakati vitunguu, hasimulii kisa kirefu. Zikiisha anamkabidhi mwingine kwa jina. Zamu ikizidi nusu saa macho hulegea, hasa kwa asiyezoea watoto. Ili kusiwe na ubishi, tafuteni kitu kimoja kinachoonekana, kofia nyekundu kwa mfano. Aliyevaa kofia ndiye mwenye watoto, na haivuliwi mpaka mwingine aivae.

"Wifi, nakuachia. Wako wanne, mdogo yuko zuliani, bafuni nimefunga."

"Haya, wanne, nimewapokea. Leta kofia."

Maneno yenyewe ni hayo, na idadi ni lazima itajwe. Wifi akihesabu watatu, anajua palepale.

Zamu ya majini ni kali zaidi. Penye bwawa, kidimbwi cha kuchezea, pipa au hata ndoo yenye sentimita chache za maji, mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama: kichwa chake ni kizito, akiinama akaanguka hana nguvu za kujiinua. Na hazami kwa kupiga kelele. Anazama kimya, kwa sababu mdomo ulio majini hauwezi kuita. Mwangalizi akae umbali wa kumfikia kwa mkono. Ndoo zimwagwe na kufunikwa kabla wageni hawajaingia, na mlango wa bafu uwe na komeo la juu. Mtoto akipotea machoni, mahali pa kwanza pa kukimbilia ni penye maji, kabla hujaita jina lake chumba kwa chumba.

Kabla ya haya yote, mwenye nyumba asiye na watoto wadogo apige magoti sebuleni kwake atambae mzunguko mmoja. Kwa urefu ule nyumba ni nyingine. Kitambaa cha meza kinaning'inia, na juu yake kuna birika. Waya wa pasi umefika chini. Kwenye mlango wa friji kuna sumaku ndogo za mapambo. Mikoba ya wageni iko sakafuni imefunguka, na ndani ya mikoba ya wazee kuna vidonge vya presha na kisukari, pengine vimehamishiwa kwenye kichupa kisicho na kifuniko kigumu. Mikoba yote iingie chumba kimoja, juu ya kabati, mlango ufungwe. Ni hatua ya dakika mbili, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Kitambaa cha meza kitolewe. Chai inywewe mezani, isinywewe ukiwa umempakata mtoto: kikombe kinaweza kuunguza ngozi yake hata dakika 15 baada ya kumiminwa. Akiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20. Vua nguo iliyolowa isiponata kwenye ngozi. Barafu, dawa ya meno na mafuta ya kupikia viache, ingawa kila ukoo una mtu anayekuja navyo mkononi. Jeraha likizidi ukubwa wa kiganja chake, au likiwa usoni, mkononi au sehemu za siri, twende hospitali.

Betri ndogo bapa za duara ndizo zinazostahili woga wa kweli. Ziko kwenye rimoti, kwenye mizani ya jikoni, kwenye kadi za pongezi zinazoimba, kwenye mishumaa ya betri na midoli ya bei rahisi iliyofika kama zawadi. Iliyokwama kooni hupitisha umeme kwenye ute wa mwili na kuunguza nyama ya umio ndani ya saa mbili tu, hata kama betri imeshachoka kuendesha kitu chake. Kila mdoli unaofunguliwa siku hiyo, tazama kifuniko cha betri: kama hakina skrubu, mtoto ataufungua. Ukidhani amemeza, usingoje dalili wala usimtapishe, mpeleke hospitali moja kwa moja. Aliyefikisha mwaka anaweza kupewa vijiko viwili vya chai vya asali, mililita 10, kila dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara 6, kwani hupunguza makali ya kuungua. Usichelewe kuondoka kwa kutafuta asali. Sumaku nazo, mbili zikimezwa kwa nyakati tofauti, huvutana kupitia kuta za utumbo na kuzitoboa. Hiyo pia ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Sahani ya mtoto

Kinachomkaba mtoto kina umbo: cha duara, kigumu au chenye kuteleza, ukubwa wa kuziba koo. Zabibu mbichi zikatwe kwa urefu mara nne. Soseji zikatwe kwa urefu kwanza, kisha vipande vidogo, maana kisahani cha mviringo cha soseji hukaa kooni kama kizibo. Karanga nzima na korosho zisifike mikononi mwa walio chini ya miaka mitano, na bisi na pipi ngumu zikae mbali na wadogo. Karoti mbichi ikwaruzwe au ichemshwe. Nyama ichambuliwe nyuzi. Maputo nayo yako kwenye kundi hili ingawa hayaliwi: kipande cha puto lililopasuka huvutwa na pumzi, kikajibandika kooni, hakitoki kwa kukohoa.

Bakuli la karanga juu ya meza fupi ya sebuleni ndilo kosa linalojirudia kila mwaka. Liweke juu ya kabati. Wageni watasimama kuchota, haitawadhuru.

Halafu mtoto ale amekaa. Anayekula huku anakimbia, au anacheka huku binamu anamtekenya, anavuta pumzi na chakula pamoja. Jifunzeni pia kutofautisha kupaliwa na kukabwa. Aliyepaliwa anakohoa, ana sauti, uso umewiva. Mwache akohoe, usimpige mgongo. Aliyekabwa hana sauti: mdomo wazi, macho yametoka, hapumui. Aliyezidi mwaka, mwinamishe mbele, umpige kwa kisigino cha mkono katikati ya mabega mara 5, ukikagua kila pigo. Kisipotoka, simama nyuma yake, ngumi juu kidogo ya kitovu, vuta ndani na juu mara 5, kisha rudia. Aliye chini ya mwaka hasukumwi tumbo. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kifua, mapigo 5 mgongoni, kisha mgeuze chali umsukume kifua mara 5. Usimtie kidole kooni kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani. Mwingine awe anapiga simu ya dharura.

Asali kwa asiyefikisha mwaka ina mazungumzo yake, kwa sababu anayeileta kwa kawaida ni mtu wa heshima.

"Kidogo tu, mwanangu, nimlambishe. Ninyi wote niliwalambisha."

"Kweli, Mama, na tukakua. Huyu daktari kakataza mpaka atimize miezi 12, ina vijidudu tumbo lake haliwezi. Mpondee ndizi basi, anaipenda ukimlisha wewe."

Sababu ni ya kweli: asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaotoa sumu ya kulegeza misuli ndani ya utumbo wa mtoto mchanga. Lakini tazama jinsi jibu lilivyopangwa. Bibi amekubaliwa, lawama imebebwa na daktari ambaye hayupo, na mkono wa bibi umepewa kazi nyingine. Ukikataa tu bila kumpa cha kufanya, atarudi na kijiko ukienda msalani.

Maziwa yana saa zake pia. Ya mama yaliyokamuliwa hukaa saa 4 nje kwenye joto la kawaida la chumba na siku 4 kwenye friji, nyuma kabisa, si mlangoni ambako friji la sikukuu hufunguliwa kila dakika. Ya kopo yaliyochanganywa hukaa saa 2 nje, na mtoto akishaanza kuyanyonya, kilichobaki baada ya saa moja humwagwa. Ukisafiri, beba unga umepimwa mkavu kwenye vikopo, na maji ya moto kwenye themosi, uchanganye papo hapo. Maji yawe bado na nyuzi 70 au zaidi, kwa kuwa unga wenyewe haujatakaswa vijidudu vyote, kisha upoze chupa kwa maji ya bomba na kupima tone upande wa ndani wa kifundo cha mkono.

Vyakula vya wakubwa vina kikomo hicho cha saa 2 nje, saa 1 kukiwa na joto linalopita nyuzi 32. Wali na nyama vilivyokaa mezani tangu saa 6 hadi saa 11 jioni, "mtoto akiamka ale", ndivyo vinavyoleta kuhara usiku. Mtengee chake mapema, kiingie friji, kikitoka kipashwe mpaka kitoe mvuke katikati, kisha kipozwe.

Mabusu, salamu na wagonjwa

Kuanzia miezi 8 hivi mtoto huanza kuogopa sura asizozijua, na kulia mama akitoka chumbani. Huendelea hivyo hadi mwaka na nusu, wengine zaidi. Babu ambaye alimbeba miezi mitatu iliyopita akicheka, sasa anapokelewa kwa kilio, na anaumia. Mshauri babu akae chini, asimtazame usoni, awe na kitu cha kuvutia mkononi, kifuniko na kijiko vinatosha, amwache mtoto aje. Dakika kumi au kumi na tano mara nyingi hutosha. Akinyakuliwa kwa nguvu, itachukua siku nzima. Mkubwa wa miaka mitatu au minne asiyetaka kukumbatiwa apewe njia nyingine ya adabu: mkono, au salamu kwa mdomo akiwa nyuma ya mguu wa baba yake.

Kichanga cha chini ya miezi miwili au mitatu kisibusiwe usoni na mikononi. Kidonda kidogo cha mafua mdomoni mwa mtu mzima kina kirusi kinachoweza kumlaza mtoto mchanga mahututi, na mafua ya kawaida ya mkubwa huweza kumbana kifua mdogo. Kunawa mikono kwa sabuni kwa sekunde 20 kabla ya kumpokea ni sheria rahisi kuitangaza kama ni ya wote. Kama wengi wanataka kumbeba, mfunge kifuani kwa kitambaa. Mtoto aliyefungwa haombwi ovyo.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 3 ni hospitali, hata kama ni usiku wa sikukuu. Kwa wakubwa zaidi, parasetamoli hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa saa 24. Hapa huingia makosa mawili. Dawa za maji zina nguvu tofauti, nyingine miligramu 120 kwa mililita 5 na nyingine 250, kwa hiyo kijiko kilekile kutoka chupa ya mwenyeji kinaweza kuwa dozi maradufu. Na mama hutoa dozi saa 10, bibi akatoa nyingine saa 11 bila kujua. Bandika karatasi kwenye friji: saa, dawa, kiasi, jina la aliyetoa. Aspirini asipewe mtoto.

Binamu na midoli ni jambo fupi. Wa miaka miwili hucheza kando ya mwenzake, hajui bado kugawana, na kumlazimisha ni kutafuta kung'atana. Midoli inayopendwa sana ifichwe kabla wageni hawajaja, kisha vitolewe vitu vingi vya aina moja: maboksi matupu, sufuria, vifuniko. Mtoto haoni wivu kwa sufuria ya tano.

Njiani na kesho yake

Kama safari ni ndefu, ondokeni saa yake ya kulala, na msimame kila saa mbili. Kichefuchefu cha gari huwasumbua zaidi kuanzia miaka miwili: chakula chepesi saa moja kabla, dirisha wazi kidogo, macho nje, simu isitazamwe. Nguo za kubadili ziwe seti mbili za mtoto na blauzi moja ya aliyempakata mkishuka, maana atatapikia huko. Nepi, hesabu moja kwa kila saa mbili za safari na ongeza tatu. Mikanda ya kiti ikazwe bila koti zito ndani yake, kwani koti husinyaa gari likigonga na mkanda ukabaki umelegea. Mtoto asiachwe garini hata dakika moja: gari lililofungwa hupanda nyuzi 10 hivi ndani ya dakika 10, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii.

Siku inayofuata mtoto atakuwa na kisirani. Mrudishe kwenye saa zake mara moja, mlaze usiku nusu saa mapema kwa siku mbili tatu, na usimtoe tena kwenda kusalimia nyumba ya pili. Lakini usafi wa sebule usisubiri hiyo siku inayofuata. Mtoto ataamka saa 12 asubuhi, wakubwa wote wakiwa bado wamelala, na atashuka zuliani kabla hujapata chai. Usiku huohuo, wageni wakishatoka, chukua tochi, lala kifudifudi, mulika chini ya kochi na chini ya kabati. Utakuta karanga nne, kipande cha puto chekundu, na skrubu ya mdoli ambao hujui ni wa nani.